Silabi za Dada

Jumapili, 2 Machi

Mvua imeanza leo mchana na tayari chumba changu cha nyuma kinanuka soksi. Ukungu umeota kwenye rafu ya nyaya, wa kijani, una manyoya. Nimeufuta kwa kitambaa, kitambaa nimekitupa, halafu nikanawa mikono mara mbili.

Dada alikuja na mumewe. Alikaa kwenye kiti changu akasema bila kuzunguka, kama anavyosema kila kitu: "Majibu yametoka. Ni saratani ya koo. Wanatoa kisanduku cha sauti chote, tarehe ishirini na mbili mwezi ujao. Nitapona, wanasema. Ila sitasema tena."

Dada yangu anafundisha darasa la kwanza, huu mwaka wa kumi na tisa. Watoto wanamwita Kengele, kwa sababu akiwaita kutoka barazani hakuna haja ya kugonga ile ya chuma. Leo sauti yake ilikuwa na mikwaruzo kidogo tu. Mimi nilidhani mafua.

Nikamwambia asiwe na wasiwasi. Nikamwambia nitamtengenezea programu kwenye kompyuta yangu, awe anagusa kitufe na mashine inasema kwa sauti yake mwenyewe, tutakayokuwa tumeirekodi. Riziki yangu naipata kwa kutengeneza meno ya bandia, lakini Linux, ule mfumo wa bure wa kuendeshea kompyuta, na programu ndiyo starehe yangu, ukoo mzima unajua. "Wiki saba ni nyingi," nikasema. Nilisema hivyo kabisa, kwa mdomo wangu.

"Haya, Profesa," akasema. "Nakutegemea."

Shemeji alikuwa anatafuna biskuti, chembe zinamwagikia kibodi yangu. "Kwani simu hairekodi?" akauliza, mdomo umejaa. Yeye ni fundi makochi, simu yake ina ufa kutoka pembe hadi pembe. Nilipangusa kibodi kwa kiganja.

Jumatano, 5 Machi

Chapa kumi na mbili za vinywa vya watu zimeletwa kazini leo. Mbili zilikuja na mabaki ya chakula yameganda kwenye plasta. Bosi anasema ndiyo kazi. Mvua.

Jumamosi, 8 Machi

Toleo la Linux nililokuwa nalo limechakaa, na siwezi kuanza kazi ya Dada juu ya uchafu. Nimelifuta. Matoleo yapo mamia, kila mtu mwenye kiburi cha kutosha ametoa la kwake, na kila mmoja anaapa kwamba ya wenzake ni takataka. Nimejaribu manne tangu asubuhi. La kwanza lilinyamazisha spika. La pili lilikataa kuona intaneti. La tatu lilifanya kila kitu, ila maandishi yake yalikuwa mabaya kiasi kwamba nilihisi kichefuchefu. La nne limekaa vizuri. Nimetumia saa nzima kuchagua rangi ya skrini.

Jumapili, 9 Machi

Kikao cha kwanza. Nimeweka maikrofoni mpya, nimetundika mablanketi ukutani kuzuia mwangwi. Mablanketi yananuka unyevu, lakini sauti inaingia safi ajabu. Dada alisema moja, mbili, tatu, akaimba wimbo wa kuhesabu vidole wa darasani kwake, akanitania kuhusu chumba. Yote ya majaribio tu. Nilikuwa nayafuta kila baada ya kuyasikiliza, maana nilikuwa nasahihisha kiwango cha sauti.

Halafu nikamweleza mpango wangu, na sitaficha, niliusema kwa majigambo. Kurekodi sentensi ni kazi ya watu wavivu. Maneno ya Kiswahili yote ni silabi. Nikizipata silabi zote kwa sauti yake, mashine itaziunganisha na atasema chochote duniani, hata maneno ambayo hajawahi kuyasema.

"Yaani ba be bi bo bu?" akauliza.

"Hasa."

Akacheka mpaka akakohoa. "Miaka kumi na tisa nawasomesha watoto wa wenzangu, sasa nisome mwenyewe."

Wakati wanaondoka Shemeji alitangulia kuwasha gari, na Dada akawa anamwandikia ujumbe kwamba amesahau mwavuli wake. Shemeji akapiga kelele kutoka kwenye gari: "Nitumie kwa sauti, mama! Miwani sina!" Miwani ilikuwa inaning'inia kwenye kola ya shati lake. Mtu mzima, mvivu wa kusoma maneno matatu. Nilimwonea huruma Dada.

Jumanne, 11 Machi

Mvua. Kombamwiko ndani ya kibodi. Nimemtoa kwa kibano cha kazini. Kibano hicho sitakitumia tena kwa meno ya mtu.

Jumapili, 16 Machi

Silabi hamsini na tano. Dada alisoma kama anavyosoma darasani, mkono unapanda na kushuka. Nilimkatiza mara nyingi: hapa umepanda sana, hapa umevuta pumzi, rudia. "Ma" peke yake aliisema mara kumi na moja. Alichoka. Sauti yake ilikuwa imeshuka ukilinganisha na wiki iliyopita, nilijitia kutosikia.

Jumapili, 23 Machi

Silabi zilizobaki, pamoja na zile ngumu za nga na mbwa na ndwe. Tulimaliza saa kumi na moja jioni. Mwishoni alikuwa ananong'ona zaidi ya kusema. Shemeji alisubiri sebuleni muda wote, anasikiliza jumbe za sauti kwenye simu kwa sauti ya juu kabisa, anacheka peke yake. Nilitoka kumwomba apunguze. "Samahani, shemeji," akasema, akaificha simu mfukoni kama mwizi. Sina hamu naye.

Jumamosi, 29 Machi

Leo mashine imesema.

Nilimwita Dada aje asikie kabla sijasikia mwenyewe vizuri, kwa sababu ya haraka ya sifa. Nikaandika: ninataka maji. Kikatoka kitu. Silabi zilikuwa zake, kila moja ni yake kabisa, lakini zimekatwakatwa na kurundikwa, nyingine juu, nyingine chini. Nimefanya kazi na vinywa vya marehemu, familia zikitaka wazikwe na meno, na sikuwahi kusikia kinyaa kama nilichosikia kwenye spika ile. Ilikuwa ni maiti ya sauti ya dada yangu.

Dada aliisogelea spika. Halafu akasema, kwa ile sauti iliyobaki: "Huyu nani?"

"Ni wewe."

"Si mimi. Watoto wangu wakisoma hivi nawaambia warudie. Neno lina pumzi yake, Profesa, huwezi kulisimamisha kila hatua."

Hakukasirika, na hilo ndilo lililonikera. Alitoa daftari kwenye mkoba wake. Ameandika sentensi mia mbili kwa mwandiko wa ubaoni, zimenyooka: Niletee maji. Funga dirisha. Nimekuelewa. Nani yuko mlangoni? Kaa vizuri. Ukurasa wa mwisho alikuwa ameukunja, nikaufungua alipokwenda msalani. Hizo zilikuwa za mumewe.

"Tusome hizi Jumapili ya wiki ijayo," akasema. "Zote kwa mara moja, kabla sauti haijaisha."

Wiki nne nimempotezea kwa ba be bi bo bu.

Jumanne, 1 Aprili

Nimelieleza tatizo la silabi kwenye jukwaa la mtandaoni la watu wa Linux. Majibu kumi na saba. Kumi na tano wanabishana wao kwa wao kuhusu toleo gani ni bora. Mmoja ananiuliza kwa nini nisijifunze upya tangu mwanzo. Mmoja, naye ni mzee mmoja mkorofi anayejibu kila mtu kwa maneno machache tu, kaandika: "Rekodi sentensi. Acha mbwembwe." Jukwaa zima linanuka wanaume wasiooga.

Jumamosi, 5 Aprili

Kila kitu tayari kwa kesho. Kwa kuwa muda umebaki, nimeandika upya kipimo cha sauti, vile vijiti vya kijani vinavyopanda na kushuka mtu akisema. Vya zamani vilikuwa vinafanya kazi lakini vilikuwa na sura mbaya. Vipya vina kivuli. Pia nimesasisha mfumo mzima, ili kesho pasiwe na la kunisumbua.

Jumapili, 6 Aprili

Naandika haya kwa hasira, na sijui pa kuielekeza.

Dada alifika saa tatu asubuhi. Alikuwa hajasema neno tangu Alhamisi, anaiweka sauti akiba. Shuleni alikuwa anafundisha kwa kupiga makofi na kuandika ubaoni. Aliketi, akafungua daftari, akanywa maji ya uvuguvugu, akanitazama. Nikabonyeza kitufe cha kurekodi. Akasema, "Niletee maji." Ilikuwa sauti yake. Nyembamba, imechakaa pembeni, lakini ni yeye, ni Kengele.

Vijiti havikusogea.

Nikamwambia asubiri. Nikachomoa maikrofoni, nikaichomeka. Akasema tena, "Niletee maji." Vijiti vimelala chini kama vilivyokuwa. Nikajua mara moja: ni lile sasisho la jana. Limeua maikrofoni. Nililaani watu wote waliowahi kuugusa mfumo huu, mmoja mmoja. Nikajaribu waya mwingine, tundu jingine, maikrofoni ya zamani. Nikawasha kompyuta upya mara sita. Kila mara nabonyeza kurekodi, namwambia, "Sema chochote," anasema, vijiti havipandi, nazima.

Saa sita nikauliza jukwaani. Yule mzee mkorofi akajibu ndani ya dakika mbili: "Umesikiliza faili lenyewe?"

Niliona ananidharau. Ananiuliza swali la mtu aliyeona kompyuta jana. Nikafunga jukwaa.

Shemeji aliingia na chai, akaiweka juu ya daftari la Dada, kikombe kikaacha duara kwenye karatasi. Nikamfokea. Nilimfokea mume wa dada yangu mbele ya dada yangu kwa sababu ya duara. Akasema taratibu, "Shemeji, kama mashine imegoma, si tutumie simu hata leo tu?"

Nikamwambia simu inakamua sauti, inaitoa kama imepita kwenye bomba. Nikamwambia abaki na makochi yake.

Dada alikaa pale saa nne nzima. Alikuwa anasema kidogo kila nilipomwomba, na kila mara sauti ikawa ndogo kuliko mara iliyotangulia. Mwishowe hakusema tena, akaandika pembeni ya daftari: Jumapili ijayo, mdogo wangu. Usijichoshe.

Nilimfungulia mlango. Mvua ilikuwa inapiga bati kiasi kwamba hata angesema nisingesikia.

Jumatatu, 7 Aprili

Sitaki kuigusa kompyuta. Nimeng'arisha meno ishirini na nane.

Ijumaa, 11 Aprili

Daktari wa koo amemwona. Uvimbe umekua, amemkataza kusema kabisa mpaka siku ya upasuaji, hata kunong'ona. Ujumbe umetoka kwa Shemeji, umeandikwa kwa herufi kubwa zote na makosa matatu. Nimeyahesabu makosa. Mtu wa aina gani anahesabu makosa kwenye ujumbe kama huo?

Jumapili, 13 Aprili

Hakuna kikao. Mvua.

Jumanne, 22 Aprili

Wamemtoa salama, saa tisa na nusu. Ana tundu shingoni, anapumulia hapo. Shemeji alilia hadharani kwenye korido, akajifutia kwenye mkono wa shati, kamasi na vyote. Nikageuka ukutani. Nilitaka nami kulia, sikuweza, na nikamwonea wivu kwa kamasi zake.

Alhamisi, 24 Aprili

Nilifungua kompyuta nifute kila kitu, nimpe mtu au niitupe. Kwenye folda ya kazi nikakuta mafaili thelathini na moja ya tarehe sita Aprili. Nikadhani ni matupu. Nikalifungua moja kwa chuki tu.

"Niletee maji."

Ilikuwa inarekodi. Siku nzima ilikuwa inarekodi. Maikrofoni haikufa hata dakika moja, sasisho halikuharibu chochote. Kilichokufa ni vile vijiti vyangu vipya vyenye kivuli. Niliandika jina la kifaa kimakosa nilipokuwa navipamba, vikawa vinasikiliza tundu lisilo na kitu. Mia mbili zile tungezimaliza kabla ya saa sita, sauti ilikuwepo, mashine ilikuwepo, yeye alikuwepo amekaa na daftari lake mapajani. Na kuna mtu aliniambia nisikilize faili.

Nimetapika. Naandika tu kama ilivyotokea. Nimetapika kwenye karo la jikoni.

Mafaili thelathini na moja. Niletee maji ipo mara tisa. Mengine ni yeye anasema chochote, kama nilivyomwagiza, na mimi natukana juu ya sauti yake. Nimeyasikiliza yote mara moja. Yanayofaa, bila matusi yangu, ni mawili.

Jumapili, 27 Aprili

Shemeji alikuja peke yake. Mvua imepungua, viatu vyake vikaacha tope hadi chumba cha nyuma, na leo sikusema kitu. Nilimweleza yote, kuhusu vijiti, kuhusu mafaili. Nilitegemea anitukane, nilikuwa natamani anitukane.

Alifuta mikono kwenye suruali. Kisha akatoa ile simu yenye ufa.

"Naomba unisaidie kitu, shemeji. Sijui namna ya kuzitoa humu."

Ni jumbe za sauti. Mia nne na kumi na mbili, tangu tarehe tatu Machi. Siku moja baada ya majibu ya daktari alianza kumwambia Dada kwamba haoni vizuri, amtumie kila kitu kwa sauti. Njoo na sabuni. Nimefika. Geti umefunga? Wewe mzee, umelala tena kwenye kochi la mteja? Ipo ya mwavuli, aliyomtumia akiwa amesimama mlangoni kwangu. Zipo za kuwalalamikia watoto wa darasa, zipo za kumsema mumewe, zipo ambazo Shemeji alizipitisha haraka na kuangalia pembeni. Nyuma ya sauti yake kuna mvua, kuna sahani, kuna watoto wanapiga kelele uwanjani.

"Kumbe ulikuwa unaona," nikasema.

"Naona vizuri tu. Miwani ni ya kushonea."

"Kwa nini hukuniambia?"

Akafikiri. "Ulikuwa na mipango yako, shemeji. Nikaona hii ya kwangu ni ya kijinga kijinga."

Sijawahi kujichukia namna ile mbele ya mtu. Nikamvutia kiti, nikamwekea biskuti. Akala, chembe zikaingia kwenye kibodi.

Jumatatu, 28 Aprili

Bosi amenipa ruhusa. Programu imeisha. Mistari arobaini na miwili: orodha ya sentensi, ukigusa inasema. Haina kivuli wala rangi. Nimeiandika kati ya chai ya asubuhi na chakula cha mchana. Ningeweza kuiandika tarehe mbili Machi.

Kuzitoa jumbe kwenye simu ndiko kulikochukua siku mbili, maana simu ya Shemeji inajua kuonana na kila kompyuta isipokuwa yenye Linux.

Alhamisi, 1 Mei

Nilimwandikia yule mzee mkorofi wa jukwaani, nikamweleza kilichotokea. Amejibu kwa maneno matatu: "Pole. Wengi tumo."

Jumapili, 4 Mei

Jua leo, kwa mara ya kwanza. Kila kitu kinatoa mvuke na kunuka.

Tulimpelekea kompyuta wodini. Dada amekonda, kitambaa cheupe shingoni, macho ni yale yale. Nilimwekea mashine mapajani, nikaanza kumwomba radhi, sentensi niliyokuwa nimeipanga njiani. Akaninyamazisha kwa kidole, ile ishara ya darasani. Akapitisha macho kwenye orodha. Akagusa.

"Wewe mzee, umelala tena kwenye kochi la mteja?" ikasema kompyuta, na nyuma yake mvua ya Machi.

Shemeji akafunika uso kwa mikono yote miwili. Mgonjwa wa kitanda cha jirani akacheka. Dada akagusa nyingine, na nyingine, haraka, kama mtu aliyekaa muda mrefu bila kuongea, na ndivyo ilivyo. Muuguzi aliulizwa kama amefunga geti. Daktari aliambiwa aje na sabuni. Hakuna aliyeelewa na wote walielewa.

Chini kabisa ya orodha nilikuwa nimeweka zile zangu mbili. Sikutaka, lakini kuziacha ingekuwa ni kuficha. Moja ni niletee maji. Ya pili ni ya tarehe sita Aprili, yapata saa sita mchana, mimi niko chini ya meza natafuta waya.

Aliisoma. Akaniangalia, siyo kwa ubaya. Akaigusa.

"Bado tu?"

Akaigusa tena. "Bado tu?"

Ilitoka safi kabisa. Nyuma yake hakuna mvua, hakuna sahani, hakuna mtoto hata mmoja. Maikrofoni ile ilikuwa nzuri sana.